Namna ya Kusoma Juzuu ya Tatu Bujumbura Bila Kuitiwa Padri

Anza kwa kukubali kwamba juzuu ya tatu haipo. Ya kwanza ipo, haina jalada, inazunguka Nyakabiga tangu mwenye nayo ahamie Canada. Ya pili iko kwa mtu aliyeiazima kwa mtu. Lakini ile ya mwisho katika mfululizo wa Philip Pullman, ambayo kwa Kifaransa inaitwa Le Miroir d'ambre, itabidi ije na ndege. Kwa hiyo fufua undugu na yeyote anayerudi kutoka Brussels. Kilo zake zote zimeshaahidiwa: viatu vya harusi, dawa za presha, simu za watu watatu. Usitamke neno kitabu. Sema "kitu kidogo cha mtoto." Kwamba ni kinene kama tofali, atajua kwenye mizani.

Hilo neno "mtoto" ndilo pasipoti yako hata nyumbani, maana hakuna mtu mzima anayepekua kitabu cha watoto. Pullman mwenyewe alipitia mlango huohuo. Mwaka 1995 alileta msichana na dubu mweupe aliyevaa deraya. Nani atamkataza mtoto dubu? Mwaka 1997 akaleta kisu kinachopasua dirisha kati ya ulimwengu na ulimwengu. Mwaka 2000, wasomaji wameshakolea, akaleta bili: watoto wanashuka kuzimu kuwafungulia wafu, na Mungu, au tuseme anayejiita Mungu (ishike vizuri tofauti hiyo, utaihitaji jioni), anakutwa mzee hoi ndani ya sanduku la kioo. Wanamfungulia kwa huruma, upepo unamyeyusha. Uingereza walikipa tuzo ya Whitbread ya kitabu bora cha mwaka 2001, mara ya kwanza kwa kitabu cha watoto. Marekani, mwaka 2008, mfululizo huo ulishika nafasi ya pili kwa kulalamikiwa maktabani. Ukibanwa, taja Whitbread.

Pa kusomea ni foleni ya mafuta. Jitolee kukaa na gari la mjomba, watakuita kijana mwenye adabu. Vita vyote vya mbinguni nilivisoma hapo, na gari lilisogea mara mbili.

Hatari kubwa ni wadogo zako watakaotaka uwasimulie kwa Kiswahili. Katika hadithi hii kila mtu ana nafsi yake nje ya mwili, katika umbo la mnyama. Mfaransa kaandika dæmon akaenda zake kulala. Wewe ukisema "jini", na mko Buyenzi, bibi wa jirani ataweka chini kikombe cha chai aulize ni jini wa bara au wa ziwani. Ukisema "pepo", kesho yake kuna watu wa maombi mlangoni, na wana spika. Nilijaribu "kivuli" nikaulizwa mchana wa saa sita anakwenda wapi. Sema "mnyama wake", basi. Wakiuliza kwa nini mnyama wa mtoto hubadilika-badilika na wa mtu mzima hutulia kwenye umbo moja, watume dukani.

Mwisho, ulinzi. Mimi niliweka picha ya Bikira Maria iwe alama ya ukurasa, ile ndogo wanayogawa kwenye komunyo ya kwanza, ikichungulia juu kidogo. Shangazi yangu, mwalimu mstaafu asiyekosa misa ya asubuhi, aliiona akanisifu.

Jioni moja nilisahau kitabu barazani. Nilipokirudia, Bikira Maria alikuwa amenitangulia karibu kurasa arobaini, yuko pale Mary Malone, aliyekuwa mtawa, anapoeleza jinsi kipande cha tamutamu ya lozi huko Lisbon kilivyomtoa utawani.

Shangazi alikuwa akichambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Huyu ma sœur," akasema, "alipata mume?"

"Sijafika huko, shangazi."

"Umekaa nacho wiki tatu, mwanangu. Lete hapa."