Pauni Saba za Matunzo

Uingereza, baba aliyeachishwa kazi na ugonjwa au ulemavu, akawa anaishi kwa posho ya serikali, hasamehewi matunzo ya watoto asioishi nao. Kwa kawaida hutozwa pauni 7 kwa wiki. Awe na mtoto mmoja, awe na watano, ni hizo hizo 7, watagawana wenyewe.

Kasheshe huanza wazazi wasipopatana, serikali ikalazimika kukusanya. Tangu 2014 kazi hiyo ina ujira: mlipaji huongezewa asilimia 20, mpokeaji hukatwa asilimia 4. Basi posho ya baba hukatwa pauni 8.40, na mama hufikishiwa 6.72. Pauni 1.68 zimeishia njiani. Na njia yenyewe ni ipi? Posho imetoka serikalini, mkataji ni serikali, ujira umerudi serikalini. Hata dalali wa nyumba angeona haya kidogo.

Kuna mlango wa nyuma, lakini. Mtoto akilala kwa baba huyo walau usiku 52 kwa mwaka, yaani mmoja kwa wiki, zile pauni 7 hufutwa kabisa. Inaelekea uji wa usiku huo humshibisha hadi wiki ijayo.