Shikamoo, Ingia Chini ya Meza

Bosi wangu wa sasa angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Ni kijana mwenye adabu, sina neno naye. Kila asubuhi: "Shikamoo, mwalimu." Marahaba. "Mwalimu, kule mapokezi kuna waya umechomoka, naomba uingie chini ya meza." Basi aliyeamkia anabaki amesimama wima, aliyeamkiwa anatambaa kwa magoti kati ya vumbi na maganda ya karanga. Na chaki niliiacha kwa sababu ya vumbi.

Kuipata kazi yenyewe ilikuwa shughuli. Tangazo linasema nafasi ni ya wanaoanza, halafu mstari wa chini yake unadai uzoefu wa miaka mitatu. Uzoefu wa kuanza, au? Nikashauriwa nitafute cheti cha mafundi wa kompyuta, CompTIA A+. Kina mitihani miwili, kila mmoja unaweza kufika maswali 90 kwa dakika 90. Wa kwanza ufikishe 675, wa pili 700, kwa kipimo kinachoishia 900. Ukishakipata, baada ya miaka mitatu kinachacha usipokihuisha. Cheti changu cha ualimu kimeliwa na mende pembeni na bado ni halali.

Halafu kuna hizi nyaya za mtandao. Ndani ya waya mmoja mna vijiwaya vinane, navyo havikai ovyo: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Aliyemtenga kijani na mwenzake akawapenyeza bluu wawili katikati alikuwa na ugomvi na wavaa miwani. Ukikosea, unakata kichwa cha plastiki, unatupa, unaanza upya, na kijana anakwambia, "Pole, mwalimu."

Nimekesha nikikariri kwamba kompyuta ikikosa wa kuigawia anwani hujipachika yenyewe inayoanza na 169.254. Nilijiandaa kukutana na hiyo 169.254. Nimekutana na Mama wa uhasibu.

"Mwalimu, printa imenigomea."

"Ina karatasi?"

"Mimi hayo ya kompyuta siyajui."

Napanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Karatasi hamna. Rimu nzima iko mezani kwake, kaiwekea chupa ya chai juu. Naambiwa nijaze fomu ya tatizo: aina ya hitilafu, chanzo, hatua zilizochukuliwa. Chanzo nimeandika "matumizi". Ningeandika nini, na mama mwenyewe ndiye anayepitisha posho?

Mtaani ndiyo usiseme. Habari zimeenea kwamba nimesomea kompyuta, kwa hiyo naletewa ving'amuzi, redio, simu zilizotumbukia chooni. Juzi jirani kaja na pasi.

"Jirani, mimi ni wa kompyuta."

"Kwani hii haichomekwi kwenye umeme?"

Nikaifungua plagi, kumbe waya umekatika. Kalipa palepale, taslimu, bila fomu. Jana kamleta shemeji yake na feni.