Mgeni Njoo, Ng'ombe Rudi

Mwaka 2017 Tanzania ilikamata ng'ombe zaidi ya 1,300 wa Wakenya ikawapiga mnada: nchi hii si malisho ya jirani. Sawa, mpaka ni mpaka.

Ila Loliondo, wilayani Ngorongoro, kampuni ya OBC ya Falme za Kiarabu imepewa kitalu cha uwindaji tangu 1992, ikajenga na uwanja wa ndege. Simu za wapita njia zimewahi kupokea ujumbe wa kuwakaribisha Falme za Kiarabu! Mawimbi hayaulizwi pasipoti.

Juni 2022, vigingi vya pori tengefu la kilomita za mraba 1,500 vilipochomekwa huko, Wamasai waliojeruhiwa wakipinga walivuka mpaka kwenda kutibiwa Narok, Kenya. Serikali ya Tanzania nayo ikaanza msako wa wahamiaji haramu. Wakenya, bila shaka. Mwindaji wa Dubai ana kibali.