Usiuze Ng'ombe Ununue Tabo: Mwongozo kwa Mwenye Pikapu Iliyochoka Mlimani

Pikapu ya dizeli ikianza kuchoka mlimani, gereji nzima hugeuka jopo la madaktari bingwa. Mmoja anainua boneti, wa pili anasikiliza huku ameinamisha kichwa, na wa tatu, aliyekuja kuzibiwa pancha tu, ndiye anayesoma hukumu: "Bosi, tabo hiyo imekufa." Hakuna aliyegusa spana bado. Kazi yako ya kwanza, basi, ni kuwaagizia wote chai na kuwaomba wakae kwenye benchi, kwa sababu watu wengi mno wameuziwa tabo nzima wakati mgonjwa alikuwa aktueta, kile kidude kilichofungwa ubavuni mwake.

Mjue kwanza mgonjwa. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na shafti yake, ambayo huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, huzungusha kompresa inayosukuma hewa ndani ya silinda. Katika tabo nyingi za kisasa za dizeli, gurudumu linalopokea moshi limezungukwa na vibamba vidogo vinavyojifungua na kujibana kama vioo vya dirisha la luva. Vikijibana, hata moshi kidogo hupita kwa kasi na tabo inaamka mapema. Vikifunguka, moshi mwingi hupita bila kuilazimisha tabo izunguke kupita kiasi. Anayevisukuma ni aktueta, kwa fimbo fupi iliyoshikana na wenzo.

Hapa ndipo lazima ujue gari lako, maana aktueta si za ukoo mmoja. Nissan Navara ya D40 yenye injini ya lita 2.5 hutumia vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya hewa. Toyota Hilux yenye injini ya 1KD ya lita 3.0 hutumia mota ya umeme. Baadhi ya Hilux za 2KD, lita 2.5, hazina vibamba kabisa. Zina mlango mmoja wa kupunguzia moshi, unaofunguliwa na shinikizo la tabo yenyewe. Fundi anayekwambia "zote ni zilezile" mwongezee chai, abaki palepale kwenye benchi.

Sasa mhoji dereva, na umhoji kama hakimu. Akisema "haina nguvu", usimwachie hapo. Haina nguvu lini? Kama gari ni zito tangu linapoondoka, linatoa moshi mweusi, kisha linachangamka mizunguko ikishapanda, basi huenda vibamba vimebaki wazi: vakyumu inavuja, au aktueta haivuti. Kama linavuta vizuri kabisa, halafu katikati ya mlima wa Kitonga, likiwa na mzigo wa viazi, nguvu inakatika ghafla na taa ya injini inawaka, lakini ukizima na kuwasha tena linarudi kuwa zima kwa muda, hiyo ni habari nyingine. Kompyuta imeona shinikizo lisilolingana na lile ililoagiza, mara nyingi limezidi, nayo imebana nguvu ili kuilinda injini. Majibu haya mawili yana thamani kuliko maoni yote ya benchi.

Akikwambia moshi ni wa bluu na oili inapungua, weka mwongozo huu chini. Hizo ni dalili za sili za tabo au za injini yenyewe, na dizeli inayovuta oili yake inaweza kuendelea kunguruma na kupandisha mizunguko hata ukiondoa ufunguo. Usiiendeshe. Ivutwe.

Kabla ya kuigusa aktueta, fuata njia ya hewa, kwa sababu ndiyo rahisi na ndiyo inayodharauliwa. Fungua filta ya hewa. Kama imebeba vumbi lote la Dodoma, umeshapata mshitakiwa wa kwanza. Papasa mipira yote kuanzia kwenye tabo hadi intakula, kile kipoza hewa, na kutoka intakula hadi kwenye injini, hasa upande wa chini, ambako nyufa hujificha. Mpira uliochanika hutoa dalili zilezile za aktueta mbovu: uzito, moshi mweusi, taa. Ukiona utando mwembamba wa oili ndani ya mpira usipige kelele, ni kawaida kwa dizeli nyingi. Oili iliyotapakaa nje kwenye maungio ndiyo ya kufuatwa, na maji ya sabuni yatakuonyesha mahali hewa inapotoroka.

Baada ya hapo, itazame fimbo. Injini iwe ya baridi, gari liwe nje na si ndani ya chumba kilichofungwa, mikono na kanga ya mtu yeyote viwe mbali na feni. Mtu awashe, wewe tazama tu. Kwenye aktueta nyingi za vakyumu, fimbo huvutwa mara injini inapowaka na kubaki imevutwa gari likiwa sailensa, yaani likinguruma bila kukanyagwa mafuta; ukizima, inarudi. Nyingi za umeme hujipima zenyewe kwa kwenda na kurudi safari nzima unapowasha au kuzima swichi. Fimbo ikikaa kimya kama mgeni aliyenyimwa chakula, ama amri haifiki ama aktueta haiwezi.

Kutofautisha hayo mawili kwenye mfumo wa vakyumu kunahitaji pampu ya mkono yenye geji. Chomoa mpira mwembamba wa aktueta, unganisha pampu, vuta polepole hadi karibu inchi 20 za zebaki. Fimbo inapaswa kusogea kwa ulaini, bila kukwama wala kuruka, na sindano ya geji ibaki ilipo kwa dakika nzima. Ikishuka, ngozi ya ndani imetoboka, na hapo umemkamata mwizi akiwa na kuku mkononi. Wapo mafundi wanaonyonya mpira kwa mdomo na kutangaza matokeo. Mdomo hauna geji, na mpira ule una masizi. Wakatae kwa heshima zote. Zile za mlango mmoja zinazotumia shinikizo zipimwe kwa upepo mdogo wenye geji. Kompresa ya kujazia matairi ya lori itaipasua aktueta nzima na kuifanya mbovu kweli.

Kama aktueta imeshikilia, pima vakyumu inayoletwa na mpira. Ikiwa hafifu, fuata mipira iliyokauka, kisha solenoidi, ile vali ya umeme inayoipitisha vakyumu, kisha pampu ya vakyumu. Usilipuuze hili hata kidogo: kwenye pikapu nyingi pampu hiyohiyo ndiyo inayosaidia breki. Pedali ya breki ikiwa imeanza kuwa ngumu, suala la nguvu mlimani lisubiri. Maisha ya watu yapo kwenye mteremko.

Sasa kipimo ninachokiona kuwa moyo wa kazi yote, na ambacho huniuma kuona kikirukwa. Itenganishe fimbo na wenzo wa tabo, kisha usogeze wenzo peke yake kwa vidole. Unatakiwa uteleze kutoka mwisho hadi mwisho. Ukiwa mgumu, ukikwama katikati, ukirudi kwa kusitasita, aktueta yako ni shahidi tu. Masizi yamevibana vibamba ndani. Hali hii huzipata hasa gari zinazotambaa mjini siku nzima bila kupata barabara ya kuzipasha moto, na zile ambazo nozeli zake zinamwaga dizeli ovyo. Ukifunga aktueta mpya juu ya wenzo uliokwama, mota mpya nayo itasukuma ukuta hadi ichoke. Safisha vibamba, tibu chanzo cha masizi, halafu ndiyo uizungumzie aktueta. Lakini aktueta ya umeme yenyewe usiilazimishe kwa mkono, maana gia zake ndogo huvunjika. Na ile skrubu ya kuzuia wenzo, pamoja na urefu wa fimbo, usiviguse kabisa. Vimepimwa kiwandani kwa mashine, na anayekuja na spana namba kumi akisema "tukaze kidogo iongezeke nguvu" arudishwe kwenye benchi mara moja, hata kama chai imekwisha.

Kompyuta iletwe mwisho, ije kuthibitisha. Kodi ya hitilafu P0299 inasema shinikizo limepungua, P0234 limezidi. Hakuna hata moja inayosema "nunua tabo". Fungua data za moja kwa moja, linganisha shinikizo linaloagizwa na linalopatikana. Injini ikiwa imezimwa lakini swichi imewashwa, sensa ya shinikizo isome hewa ya mahali ulipo: karibu kPa 101 Dar es Salaam, na karibu 83 Mbeya, kwenye mita 1,700. Usikubali kuuziwa sensa mpya Mbeya kwa sababu tu haisomi kama ya Dar.

Ikithibitika kwamba aktueta ndiyo mbovu, tafuta yenye namba sawa na ya zamani. Ya umeme mara nyingi huhitaji kufundishwa upya kwa kompyuta, kwa hiyo kabla hujatoa pesa uliza nani ataifanya kazi hiyo. Dai upewe ile ya zamani mkononi. Kisha futa kodi, pakia mzigo, panda mlima wa kweli, na msaidizi asome namba mbili wakati wewe unaendesha. Shinikizo linaloagizwa na linalopatikana yakifuatana hadi juu, mlipe fundi pesa yake yote na usimpunguzie hata shilingi.