Sinema na Adabu

Kwa kuwa Mola amenijaalia kiti cha raha na usingizi haba, juma hili nimetazama sinema tatu, na insafu yanilazimisha kutoa hukumu. Katika Titanic ya mwaka 1997, mapenzi yalitosha kujaza zaidi ya saa tatu, walakini ubao mmoja haukutosha watu wawili. Katika Sholay ya 1975, Amitabh Bachchan, ijapokuwa risasi imekwisha kumpata, alipewa muhula wa kuagana ambao wadaiwa wengi hawaupati. Na katika Psycho ya Hitchcock, ya 1960, mwanamke aliyeiba dola 40,000, mara tu alipoazimia kuzirejesha, aliuawa akioga. Basi, msomaji, mtu asikwambie kwamba sinema hazifunzi adabu: mimi tangu jana sijaoga, wala deni sijalipa.