Mheshimiwa Amekuja Kula

Sisi mama lishe huijua kampeni kabla ya bendera kupandishwa. Mheshimiwa anabanana nasi kwenye benchi. Ndoo ya kunawia haigusi, mlinzi humnawisha kwa maji ya chupa. Anamega ugali, anachovya kwenye maharage, anasubiri kamera. Tonge likishapigwa picha, linarudi sahanini.

Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ilibatilisha takrima, ile ruhusa ya wagombea kuwakirimu wapiga kura. Basi siku hizi anayekirimiwa ni yeye. Akishafika bungeni Dodoma, anataka kuku wa kienyeji, paja tu, na chumvi kila siku imezidi.

Sahani yangu hajailipia. Msaidizi wake alisema nisubiri aapishwe. Ameapishwa mara mbili.