Mheshimiwa Waziri, njoo uione chipu Morogoro

Kwako Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya viwanda, mlezi wa wawekezaji, mfunguzi wa makongamano, mwekaji wa mawe ya msingi,

Shikamoo Mheshimiwa. Naomba kuitoa shikamoo hiyo mara ya pili, kwa kuwa ya kwanza huenda imepokelewa na katibu muhtasi. Kwa heshima na taadhima nakujulia hali wewe, familia yako, wasaidizi wako na wote walio katika msafara wako. Sisi wa Morogoro hatujambo. Hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na mwenye majukumu mazito.

YAH: OMBI KUHUSU KIWANDA CHA CHIPU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kipo jirani na Soko la Chifu Kingalu, na nikiinua macho kutoka kwenye hadubini ninakutana na milima ya Uluguru. Natambua kwamba barua za watu wa kima changu hutoka meza hii kwenda meza ile, hugongwa mihuri, kisha hupumzishwa kwenye jalada. Sina kinyongo. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia hadharani, nisikubebeshe mzigo wa kunijibu.

Nianze kwa shukrani. Nakushukuru wewe na wote waliokutangulia kwa Kiwanda cha Viatu cha Morogoro. Miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, tulijengewa kiwanda cha jozi milioni 4 kwa mwaka, na robo tatu ya viatu hivyo ilipangwa ikauzwe Ulaya. Mitambo ilikuwa ya kisasa. Kuta zilikuwa za alumini, bila mfumo wa kupitisha hewa, katika mji ambao joto lake unalijua hata wewe unayepita na vioo vikiwa vimefungwa. Uzalishaji haukuwahi kuvuka asilimia 5 ya uwezo wa kiwanda, na mwaka 1990 ukasimama. Tunashukuru, Mheshimiwa, kwa sababu tulifundishwa mapema kwamba jengo na mitambo bado si kiwanda. Wazee wetu waliofanya kazi pale walikuwa tayari kujifunza. Hakuna aliyewangoja wajue.

Nashukuru pia kwa mwaka 1974, Serikali ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Fedha za kigeni zilikuwa haba na kompyuta ya Hazina ilikuwa imeleta hasara. Sibezi sababu hizo. Lakini kipindi hichohicho wenzetu walikuwa wanahangaika. Mwaka 1972 Intel ilifungua kiwanda Penang, Malaysia. Pale hawakuanza kwa kutengeneza chipu yenyewe. Walianza kwa kuzifunga na kuzipima, kazi ya mikono makini na ukumbi usio na vumbi. Mwaka 1976 Taiwan ikawapeleka wahandisi wake kwa kampuni ya RCA ya Marekani wakakae na kujifunza. TSMC, kampuni ya hukohuko Taiwan ambayo leo inatengeneza sehemu kubwa ya chipu za kisasa kabisa duniani, ilianzishwa mwaka 1987. Watu walitangulia kwa miaka 11, kiwanda hicho kikafuata.

Na majirani zetu hawajalala. Kule Nyeri, mji wa kahawa ulio chini ya mlima, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kimeipa nafasi kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, na Mei 2024 Marekani ikatangaza kuiingiza Kenya, ya kwanza Afrika, katika ushirikiano wa mfuko wake wa chipu. Morogoro nayo ina mlima, ina Chuo Kikuu cha Sokoine na ina Mzumbe. Ninaumia, Mheshimiwa, na sitaki kuficha.

Sasa tunaambiwa kwamba sisi tuna malighafi. Ahsante kwa kutukumbusha. Ni kweli Mahenge, mkoani kwetu, kuna kinywe kingi. Ni kweli heliamu ya Rukwa ilitangazwa mwaka 2016, na gesi hiyo inahitajika sana kwenye viwanda vya chipu. Hata hii Uluguru ilichimbwa ulanga tangu enzi za Wajerumani, na ulanga ulikuwa kihami muhimu ndani ya redio. Tuliuza ulanga, tukanunua redio. Anayesema tuna mchanga wa kutosha kutengeneza silikoni, naomba kwa unyenyekevu aelezwe kwamba silikoni ya chipu husafishwa hadi asilimia 99.9999999. Mchanga wa Mto Ngerengere ni mzuri sana kwa zege.

Maji nayo yanatakiwa mengi, yaliyochujwa hadi yasibaki na kitu. Ruvu inaanzia kwenye milima hii, inateremka kuwanywesha watu wa Dar es Salaam, huku mitaa yetu mingine ikibeba madumu. Umeme hautakiwi kupepesa: Februari 2021 baridi kali ilipoukata Texas, viwanda vya Samsung na NXP mjini Austin vilisimama kwa wiki kadhaa. Sisi tunalo bwawa la Kidatu tangu mwaka 1975, na sasa tunalo Bwawa la Nyerere la megawati 2,115. Nashukuru kwa yote mawili. Kibandani kwangu, hata hivyo, betri ya gari haikauki chini ya meza.

Naomba uniruhusu, Mheshimiwa, nikueleze Morogoro inapata wapi chipu zake, maana nahofia hakuna aliyewahi kukueleza. Zinatoka Kariakoo, na zikikosekana Kariakoo zinatoka kwenye simu mfu. Mama anateremka kutoka Mgeta na kabichi zake, simu haipokei chaji, na bila simu hapokei pesa ya mteja. Nafungua, napima, naona aisii ya chaji, yaani chipu inayoongoza chaji, imekufa. Natafuta kwenye mkebe bodi ya simu nyingine yenye aisii ileile. Napaka fluksi, naelekeza bloa kwenye joto la nyuzi 350 hivi, nasubiri risasi ing'ae, kisha nanyanyua kwa kibano kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Nikitetemeka, njia za shaba zinang'oka na simu inazikwa. Nikitulia, naipanda upya mipira ya risasi, naiweka kwenye bodi ya mama, na taa ya chaji inawaka. Akiba ya taifa ya chipu ninayoijua mimi ni huo mkebe, uliokuwa wa maziwa ya unga.

Vijana wanaojifunza kwangu wanaifanya kazi hii vizuri. Wanajua mguu upi wa aisii uunganishwe wapi. Kilichomo ndani yake hawakijui, kwa sababu hakuna aliyewafundisha, na ndicho wanachoniuliza kila siku. Hao ndio wangekwenda Penang. Hao ndio wangekwenda Nyeri. Wapo, wana mikono tayari, na ninasema haya kwa moyo wangu wote.

Sasa ombi langu, nikiwa nimepiga magoti. Taiwan ilituma watu wakajifunze kabla ya kujenga. Nasi tufuate njia hiyo, na kwa kuwa heshima hutangulizwa kwa wakubwa, tuanze na wewe. Naomba uje uwe mwanagenzi kibandani kwangu kwa miezi sita, wewe na Katibu Mkuu. Naibu Waziri atashika tochi. Treni ya umeme inatoka Dodoma na Dar es Salaam, hutachoka. Ada sitaki. Mwezi wa kwanza utafagia na kupanga skrubu. Wa pili utajifunza kuyeyusha risasi bila kuunguza meza. Wa tatu na wa nne utashika bloa. Wa tano utapanda mipira. Wa sita ni mtihani: simu ya mama wa Mgeta, yeye mwenyewe akiwa amesimama mbele yako.

Ukifaulu, tutakusindikiza VETA ukarasimishiwe ujuzi wako, halafu ujenge kiwanda cha chipu popote upendapo, nami nitakuja kushika tepe. Ukifeli utarudia mwaka, kama tunavyorudia sisi. Hadi siku hiyo nakusihi, Mheshimiwa Mtukufu, usiweke jiwe la msingi. Kibanda kinafunguliwa saa 2 asubuhi. Kiti cha ziada ni kimoja tu, Katibu Mkuu aje na chake.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Fundi simu, Soko la Chifu Kingalu, Morogoro